Mjukuu kanipangia miji mitano ya Ulaya, dada yangu kapewa masaa mawili

Ilikuwa ule mwaka kuku walikufa na mafua, mayai yakapotea Johannesburg nzima. Asubuhi tulikula mkate na siagi ya karanga, mchana ndagala, yaani dagaa, jioni ndagala wale wale waliobaki mchana. Anayeishi huku anaujua huo mwaka, sina haja ya kuutaja kwa namba.

Wakuu, nawasalimu. Mnaoandika shikamoo nimewaitikia wote kwa pamoja, marahaba.

Shule yangu iliishia darasa la nne huko Uvira, Congo, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi atafute uzi mwingine. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mjukuu wangu yuko hapa pembeni anasoma. Nikiongeza chumvi atanisema.

Naishi Troyeville, nauza vitenge mjini. Nimelea watoto watano na wajukuu tisa, na hakuna hata mmoja anayenishinda kwa sauti.

Dada yangu mkubwa, namwita Yaya Feza, anaishi Liège, Ubelgiji. Vita ilitutenganisha. Yeye akaenda upande wake na mumewe, mimi nikashuka huku kusini na watoto. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokufa. Zaidi ya miaka ishirini namjua kwa simu tu.

Basi huo mwaka wa mayai akaniambia, "Mdogo wangu, macho yananifunga. Daktari anasema mwaka ujao sitajua sura ya mtu. Njoo nikuangalie ningali naona."

Nikamwita Divine, mjukuu wangu mkubwa, anafanya kazi call center. Divine kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini akikisema kinatoka kimevunjika mguu.

Akasema, "Gogo," ndivyo bibi anavyoitwa huku, "twende winter. Winter ni cheap."

Nikasema sawa, winter naijua. Kwetu Uvira haipo, nimeijulia hapa Johannesburg. Ni mwezi wa sita na wa saba, maji ya bomba yanauma meno. Yaya nikamwambia nakuja winter, akafurahi. Nikaliambia kanisa. Kanisa likafunga siku tatu kuombea safari ya mwezi wa sita.

Halafu Divine anakuja kuniambia appointment ya visa ni wiki ijayo.

"Haraka ya nini? Winter bado iko mbali."

"Gogo, ni January."

"January ni winter ya nani? January hapa tunalala sakafuni kwa joto."

"Winter ya kule."

"Kwani winter ziko mbili?"

"Ziko mbili, Gogo."

Nikajua mtoto katapeliwa. Nikampigia Yaya. Yaya, huko mwezi wa kwanza kuna nini? Theluji. Na wa sita? Jua, watu wanatembea nusu uchi.

Nikakata simu taratibu.

Jumapili mchungaji akatangaza kwamba maombi ya mwezi wa sita yahamishiwe mwezi wa kwanza. Kuna watu walicheka ndani ya nyumba ya Mungu. Nawajua kwa majina.

Sasa nenda utafute koti la baridi Johannesburg mwezi wa kumi na moja. Madukani wametundika nguo za kuogelea. Nikaenda kwenye mitumba mjini, pale tunapoinama kuchambua. Mama muuzaji akaniangalia, "Gogo, una malaria?" Akazama kwenye rundo mpaka kiunoni, akatoka na koti la kijani la mwanamume, zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Nililivaa nyumbani kulijaribu, jasho likanitoka hadi kwenye nyusi.

Shida yenyewe ilianza pale Divine aliponisomea ratiba.

Siku nane, miji mitano. Paris kuona mnara wa chuma. Brussels kuona kitoto cha shaba kinachokojoa. Cologne kanisa kubwa. Amsterdam maji. Mara mbili tulale ndani ya basi ili tusilipe hoteli. Mimi, na magoti haya.

"Na Yaya?"

"Ijumaa, Gogo. Liège ni mji wa tano. Tutapita kwa Yaya."

"Tutapita?"

"Ndiyo, masaa mawili, then bus ya Cologne."

Wakuu, mtoto hakuwa na ubaya. Kiingereza chake kinasema hivyo, mtu anapita kwa ndugu, kwisha. Lakini sisi kinachopita ni taxi. Kwa mtu wako unafika. Unavua viatu, unalia kwanza, unaulizwa habari za kila aliyekufa, ndipo chungu kinapandishwa jikoni. Sombe, yaani kisamvu, peke yake inachemka masaa matatu. Yaani niondoke kabla haijaiva?

Nikamwambia, "Mimi kwa dada yangu sipiti."

Akasema tiketi za mabasi hazirudishwi. Akasema na visa imeombwa hivyo hivyo, kama watalii. Akanifundisha: ukiulizwa, sema tourism, sema Eiffel. Nikaendelea kukunja vitenge vyangu. Akadhani nimekubali.

Siku ya appointment nikavaa kitenge kipya. Mama wa dirishani alikuwa na adabu zake, akaniuliza unakwenda kuona nini Ulaya.

Nikasema, "Dada."

Divine akanikanyaga mguu.

Yule mama akasoma karatasi, akasema lakini hapa imeandikwa Liège unapita tu. Kiingereza cha kuuzia vitenge ninacho, hiyo "pass by" niliisikia vizuri. Nikaweka mkoba juu ya kaunta.

"Mimi kwa dada yangu sipiti."

Akamwuliza Divine, amesema nini? Divine akaangalia chini. Angeweza kudanganya pale, na mimi nisingefanya kitu. Lakini alitafsiri neno kwa neno.

Yule mama akaturudishia karatasi zote. Akasema leteni ratiba ya kweli, na barua ya mwaliko kutoka kwa huyo dada. Appointment nyingine ilikuwa baada ya Krismasi.

Tukafika robot ya Bertrams, kwenye taa za barabarani. Hapo Divine akasema, "Gogo, ungesema tu Eiffel. Na mimi nilitaka kuona kitu. Holiday zote nilizoona ni Durban, na basi la kanisa."

Hilo lilinichoma. Nilikuwa namwona dereva wangu, kumbe naye ni msafiri.

Tukakaa mezani, tukapanga upya. Mimi siku zote nane kwa Yaya. Yeye analala hapo hapo sakafuni, asubuhi anashika basi la mji anaoutaka, jioni anarudi kula. Hela ya tiketi za mabasi ilipotea, lakini hoteli zote zikafutika. Ikawa rahisi kuliko ile ya kwanza, na Divine mwenyewe alikubali, japo kwa kununa.

Visa ikatoka, tukaenda mwezi wa pili. Yaya alinivuta mpaka dirishani penye mwanga, akashika uso wangu kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama mtu anachagua nyanya.

"Umezeeka vibaya," akasema. Tukacheka, tukalia, sombe ikaungua.

Divine aliona miji mitatu, akarudi na picha na mafua. Mji wa nne aliuacha mwenyewe, akabaki kuosha vyungu na kusikiliza bibi wawili wakisema uongo wa utotoni.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kwenda Ulaya na mfuko mwembamba, kwanza uliza winter ni ya nani. Pili, tafuta ndugu mmoja, ukae kwake, miji utaitembelea kutoka hapo. Na karatasi ya visa iseme kile kilichoko moyoni.

Mliosafiri mseme yenu, makoti hasa, maana langu lilikuwa zito mno. Na najua wapo watakaoandika hapa chini kwamba bora ningekubali masaa mawili kuliko kuhatarisha kumkosa kabisa. Msijichoshe, jibu langu ni lile lile alilotafsiriwa yule mama wa dirishani.

Mimi kwa dada yangu sipiti.