Vidole Vitatu

Nilimlazimisha mtu aning'oe jino zima. Nasema nilimlazimisha kwa sababu yule bwana wa meno, kwenye zahanati moja ya Muleba mjini, alifanya kila njia kuninusuru. Aligongagonga, akachungulia na kitochi chake, akasema, "Mzee, jino hili halina kasoro. Ningekuwa nalo mimi ningelipiga picha nitundike ukutani." Nami, niliyemaliza kidato cha nne na kwa hiyo kujiona nusu daktari, nikamjibu kwamba anayeumwa ni mimi, si yeye. Gego la mwisho, chini, kulia. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniuliza tena na tena kama nina hakika, kama padri anavyowauliza maharusi, na kila mara nikasema ndiyo. Akapiga ganzi, akashika koleo, tukaanza kuvutana. Jino lilijua halina kosa, ndiyo maana liligoma. Lilipotoka lilikuwa jeupe, lenye mizizi imara kama miguu ya kigoda. Nikalifunga kwenye karatasi, nikarudi nalo nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya nane maumivu yakarudi palepale, mahali ambapo sasa hapakuwa na jino.

Jirani yangu, bibi mjane ambaye kibanja chake na changu vimegawanywa na mstari wa migomba tu, alikuja kunipa pole. Nilimwambia jino lilikuwa limeoza kwa ndani. Akaomba kuliona. Akaligeuzageuza kiganjani, yeye ambaye meno yake yaliyobaki unaweza kuyapa majina.

"Limeoza wapi?" akauliza. "Hili lingenifaa mimi. Mawe, mama wee! Ungeniletea likiwa bado linapumua."

Niseme maumivu yenyewe yalivyokuwa. Yalianzia mbele ya sikio, yakapanda kipajini, yakashuka shingoni. Yalikaa wiki mbili, yakaondoka mwezi, yakarudi bila hodi, kama mkwe anayejua saa ya chakula. Nilikuwa nayo mwaka wa pili. Asubuhi taya lilikuwa zito, na nikifungua mdomo lilitoa mlio: ka! Si mlio wa siri. Kanisani, ule wakati wa kimya baada ya komunyo, nilimeza mate tu, ka!, na benchi zima mbele yangu likageuka. Mdomo nao ukaanza kukataa kufunguka. Ndizi zilizopondwa zilipita. Kipande cha nyama kilibidi kiingie ubavu ubavu, kama kitanda mlangoni.

Ningeweza kuishi hivyo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kijijini kwetu hadi Nshamba ni mwendo wa mguu, na hata huko naenda nikiwa nimeaga. Watu wengine hutembea kuitafuta dunia, mimi huisubiri barazani, na huja. Huja hasa wakati wa mavuno, kwa sababu mimi ndiye mng'ataji wa kahawa wa kitongoji chetu. Kahawa ya maganda ikishaanikwa, kabla hujaipeleka chama cha msingi cha ushirika na kurudishwa nayo mbele za watu kwamba ni mbichi, unaleta kiganja kimoja kwangu. Natoa punje, nang'ata kwa magego ya kulia. Ikibonyea, rudi ukaanike. Ikipasuka kwa sauti, peleka. Sijawahi kukosea. Baba yangu alikuwa mng'ataji kabla yangu, na hiki ndicho cheo pekee nilichorithi.

Tena, nikiwa sing'ati ya watu, natafuna yangu. Sisi kahawa tunaitafuna jamani, tusifichane. Inachumwa, inachemshwa na majani ya kuinukiza, inakaushwa na ganda lake, inawekwa kwenye kijikapu. Mgeni akiingia, kabla ya habari za nyumbani, anapewa. Na mwenye nyumba hutangulia kuchukua moja na kuitafuna mbele yake, ili mgeni ajue hakuwekewa kitu. Mwenye nyumba asipotafuna, mkono wa mgeni hauendi kikapuni. Ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo taya langu lilipoacha kuwa jambo langu peke yangu. Binti yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi huko Bukoba, alipata mchumba, na familia ya kijana, watu wa Maruku, ikaleta habari kwamba itakuja posa mavuno yakiisha. Miezi mitatu. Wangekaa sebuleni kwangu, kikapu kingeletwa, na macho yote yangeangalia mdomo wangu. Kisha ningetakiwa niseme, maana kwetu baba ndiye hujibu. Nami siku hizo maneno yalikuwa yanatoka kwenye ufa.

"Utamwoza mwanao kwa ishara za mikono?" mke wangu akauliza.

"Litapona."

"Litapona vipi? Mchana kutwa unatafuna, na ukilala unasaga kama mashine ya unga pale Nshamba. Tofauti ni kwamba mashine huzimwa."

"Mimi sisagi meno."

"Wewe umelala, utajuaje? Mimi ndiye niliye macho."

Yeye na binti walipatana kwa simu bila kunishirikisha. Alfajiri moja nikajikuta nimevalishwa shati la Jumapili na kupandishwa gari la Bukoba. Njia nzima nilikuwa nashika taya kwa mkono, kama mtu aliyebeba yai.

Daktari wa kinywa hospitalini alikuwa dada mdogo tu, ametoka mikoa ya mbali, bado anashangaa mvua zetu. Nilimtajia meno yangu moja moja na kumweleza ni lipi sasa ninalolishuku. Hakuyagusa. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu akasema, "Fungua. Funga." Ka! "Fungua tena." Ka!

"Panga vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine," akasema, "uviingize mdomoni vikiwa vimesimama hivyo."

Kiliingia kimoja. Cha pili kiliingia nusu, nikatoa machozi.

"Unatafuna nini, baba?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Cha kawaida tu."

"Baba," binti yangu akasema akiangalia dirishani, "sema kahawa."

"Kahawa si inanywewa?" daktari akauliza.

Nikaona nimsaidie kuijua Kagera. Nikatoa mfukoni karatasi niliyofungia kahawa yangu, nikamwekea punje chache mezani. Aliokota moja akaigonga kwenye meza. Iligonga kama kokoto.

"Hii? Na ganda lake? Ngapi kwa siku?"

"Sasa, daktari, mtu anahesabu pumzi zake?"

Binti akamaliza kila kitu: kung'ata kahawa ya kitongoji kizima upande mmoja tangu ujana, kutafuna tangu alfajiri, kusaga usingizini. Kisha, bila huruma, akalitaja na lile jino. Daktari akanieleza kwamba meno yangu ni mazuri kuliko ya wengi wa rika langu, na kwamba kinachouma ni kiungo, pale taya linapokutana na fuvu, pamoja na misuli yake, iliyofanyishwa kazi mchana na usiku bila likizo.

"Kwa hiyo lile jino?"

"Lile lilikuwa shahidi tu, baba. Wewe ukamfunga shahidi."

Nimetukanwa na watu wengi, lakini kwa upole ule, hapana.

Nikajazwa mdomoni kitu kizito kama ugali usioiva ili kichukue sura ya meno yangu, na baada ya wiki moja nikarudi kupewa kifuniko cha plastiki angavu cha kuvaa wakati wa kulala. Masharti yakaandikwa. Vyakula laini. Kitambaa cha maji ya moto shavuni, asubuhi na jioni. Mazoezi: ulimi juu, ubandike kwenye kaakaa, fungua mdomo polepole mbele ya kioo, bila kulivuta taya upande. Kahawa: hakuna. Kung'ata ya watu: hakuna. Niliuliza kama ninaweza kung'ata ya ndugu wa karibu tu. Binti akanishika mkono tukatoka.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mbaya. Sikujua mikono yangu huwa inafanya nini isipokuwa kwenda mfukoni. Mke wangu alihamisha kijikapu cha kahawa, nami nikamsikia mara mbili akikihamisha tena. Nilikula ndizi zilizolainika mpaka nikawaonea wivu kuku kwa mahindi yao. Nilisimama mbele ya kioo, ulimi juu, nikifungua na kufunga kama kambale aliyetolewa majini. Nilipovaa ile plastiki mara ya kwanza nikamwambia mke wangu lala salama. Akauliza kama nimeanza kuongea Kijerumani.

Na watu waliendelea kuleta kahawa. Sikutaka kuwaambia kwamba mng'ataji hang'ati. Nikaanza kuichukua kiganjani, naitikisa karibu na sikio, nasikiliza. Ile kavu, punje hulia ndani ya ganda lake kama njuga ya mbali, mbichi hunyamaza. Nilikuwa nikibahatisha mwanzoni, kisha nikawa sibahatishi. Jirani yangu alileta ya kwake, akanitazama nimeiinamia sikio, macho nimeyafumba.

"Siku hizi unaipigia simu?" akauliza. "Imepokea?"

"Imesema uianike siku mbili zaidi."

Alikwenda akaianika. Chama kiliipokea bila neno. Hakunisifu, ila aliniletea maparachichi manne yaliyoiva sana, na kwake hilo ni hotuba.

Wiki ya tatu vidole viwili viliingia. Nilimwita mke wangu kutoka shambani aje aone. Alikuja mbio na jembe akidhani nimeumwa na nyoka. Wiki ya tano, viwili na nusu. Ule mlio ukapungua, ukawa kama mtu anayevunja kijiti chumba cha pili, halafu siku moja nikautafuta nikaukosa. Asubuhi taya likawa jepesi. Jumapili iliyofuata, katikati ya mahubiri, nikapiga mwayo. Mwayo mzima, wa mtu mwenye afya, ambao sikuwa nimeupiga kwa karibu miaka miwili. Mungu anisamehe, nilishukuru hapohapo, mdomo ukiwa bado wazi.

Siku tano kabla ya posa niliingiza cha tatu.

Nilirudi kwa daktari, safari hii sikuvutwa. Nilimweleza habari ya kikapu na mkono wa mgeni. Alifikiri, akasema, "Moja. Siku hiyo tu. Kushoto."

Wageni walikuja saa nne, wazee wanane wa Maruku na kanzu zao, wamenyooka kama mishumaa. Jirani yangu alikaa kwenye kona ya akina mama, mahali ambapo angeniona vizuri. Binti alikuwa chumba cha ndani. Nilijua amesimama nyuma ya pazia kwa sababu pazia halikuwa linapumua. Kikapu kikaletwa. Nikachukua moja. Mke wangu akaanza kuitazama dari.

Nikaiweka kushoto. Nikang'ata.

Ilipasuka kama kahawa kavu inavyopasuka, na zaidi ya hapo hapakuwa na mlio. Hapakuwa na moto sikioni. Niliitafuna polepole, ule uchungu wake nilioukosa ukanijaa mdomoni, nikameza. Mkono wa mzee wa kwanza ukaenda kikapuni, kisha wa pili, mpaka sebule nzima ikawa inatafuna. Nyuma ya pazia mtu akapumua.

Nikajibu posa. Nilijibu kwa mdomo wote. Nilikuwa na miaka miwili ya maneno yaliyokwama, na nikayatoa: ukoo wangu, ukoo wao, shamba, baba yangu, nikachanganya Kihaya na Kiswahili, nikatia na mizaha, wazee wakacheka, nikacheka nao mpaka fizi ya lile pengo ikapata hewa. Waliposema wamekubaliwa, nikaendelea. Walipokula, nikawasimulia kuhusu kiungo cha taya. Walipochukua fimbo zao waage, nikasimama mlangoni, nikapanga vidole vitatu, nikaviingiza mdomoni vyote, nikawaonyesha wazee wanane wa Maruku mmoja mmoja.

Jirani yangu akainuka kwenye kona yake, akajikung'uta kanga, akasema:

"Vimeingia vitatu, tumeona. Sasa vitoe, funga mdomo, utoke mlangoni. Wakwe wanataka kwenda kwao."