Mchungaji Amepona

Mume wangu ni mchungaji wa kanisa dogo lililo nyuma ya gereji ya pikipiki, na waumini wake wamempa jina la Mchungaji Amepona. Mgeni akilisikia mara ya kwanza huuliza, "Pole zake jamani, kwani alikuwa anaumwa nini?" Watu hucheka mpaka washike mbavu. Hajaumwa kitu. Ameitwa hivyo kwa sababu hajui kumwombea mgonjwa kwa namna nyingine. Wachungaji wenzake humwomba Mungu mtu apone. Huyu wangu hufumba macho, hunyanyua mkono wa kulia, na kumtangazia Mungu kwamba mtu huyo amepona, utadhani Mungu hajapata habari.

Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo jambo hili lilinikera kama mwalimu kabla halijanikera kama mke. "Hiyo ni hali timilifu," nilikuwa namwambia tukiwa mezani. "Maana yake tendo limekwisha. Mtu bado anatetemeka kwa homa, tendo limekwishaje?" Yeye hunywa chai yake na kunijibu, "Mama, hiyo ni sarufi. Mimi nazungumzia imani." Hapo mjadala hufungwa, maana kwa sarufi namshinda na kwa imani ananishinda, na tumeishi hivyo vizuri tu.

Nisije nikamchafua bure. Ni mtu mwema kuliko mimi. Jumamosi hupanga viti vya plastiki mwenyewe, na mtu akifiwa yeye hufika kabla ya turubai. Udhaifu wake mkubwa ni kipaza sauti: akikishika, hakiachii. Akisema "kwa hayo machache", wenye uzoefu hujiweka sawa kwenye viti, wakijua ndiyo kwanza anaanza.

Hii tabia ya amepona najua ilianzia wapi. Alipokuwa kijana, muda mfupi baada ya kuwekewa mikono kuwa mchungaji, aliitwa kumwombea mtoto mwenye homa kali. Aliomba kwa adabu: "Bwana, ukipenda, mponye." Mtoto akafa. Mama wa mtoto akamuuliza mbele ya watu, "Kwa nini ulimwambia akipenda?" Tangu siku hiyo mume wangu hakumwachia Mungu nafasi ya kukataa.

Kisha akaugua Fundi.

Fundi ni seremala, mzee wa kanisa, na rafiki wa mume wangu tangu tulipokuwa tunasali sebuleni kwetu. Mimbari, madirisha na kabati la vitabu vya nyimbo, vyote ni kazi ya mikono yake. Ndiye mtu pekee aliyethubutu kumwita mchungaji "Mchunga". Mahubiri yakizidi urefu, Fundi alikuwa anachomoa futi kamba mfukoni na kuanza kupima benchi la wazee alilokalia, taratibu, mpaka ujumbe ufike mbele.

Ini lilikuwa limeharibika. Hospitali walimrudisha nyumbani, na daktari akamwambia mkewe wampe chochote anachotamani kula. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Mkewe, ambaye tunamwita Mama Kwaya kwa kuwa ndiye anayeongoza waimbaji, hakutaka kuelewa. Alimwita mume wangu, mume wangu akaja, akanyanyua mkono, akasema amepona. Mama Kwaya akaling'ang'ania neno hilo. Ukipiga hodi kwake, kabla hujavua viatu, "Bwana asifiwe, mgonjwa wetu amepona!" Na mgonjwa wetu yuko pale, macho ya manjano, mashavu yamebonyea, anaitikia kwa kichwa ili asimwaibishe mkewe.

Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda kumwona, kwaya nzima. Kitanda chake walikuwa wamekihamishia sebuleni, chini ya dirisha linalotazama karakana, ili asikie wanafunzi wake wakipiga randa. Tuliimba, tukaomba, mume wangu akafanya mambo yake. Kisha Fundi akajiinua kwa kiwiko.

"Mama," akamwambia mkewe, "mimi nikiondoka..."

"Shindwa!" Mama Kwaya akapaza sauti.

"Shindwa!" kwaya ikaitikia, sauti zote nne.

"Usikiri mauti, mzee wangu," mume wangu akasema huku akimpigapiga begani. "Umepona."

Fundi akajilaza tena na kugeukia dirishani. Mtu alikuwa na neno la kumwambia mkewe, na sisi, watu wa Mungu, tumemziba mdomo kwa furaha kabisa.

Njiani sikusema kitu. Mume wangu ananijua, nikinyamaza yeye huanza kutembea haraka. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Umemziba mwenzio mdomo."

"Mimi? Mimi nimemtia moyo."

"Yule anakufa, na anajua. Anataka kumuaga mkewe. Kila akijaribu, mnamkemea kama pepo."

"Kwa hiyo unataka nimwombee afe?"

"Nataka umuulize anataka nini. Hujawahi kumuuliza mtu hata siku moja. Wewe ukiingia tu, mkono juu."

Akanuna. Mume wangu akinuna hupiga viatu rangi: vyake, vyangu, hata vya mjukuu ambavyo havimtoshi tena. Nikamwacha uani na brashi yake. Nilipompelekea chai, aliongea bila kuinua macho.

"Ukisema 'apone', umeomba," alisema. "Na ukiomba, unaweza kunyimwa. Ukisema 'amepona', hujaomba kitu. Hakuna wa kukunyima."

"Miaka yote hii ulikuwa unaogopa kunyimwa?"

"Huyu ndiye rafiki niliyebaki naye, Mama. Mungu akininyima huyu, nitasimamaje tena pale mbele?"

Ningekuwa na ubavu ningemcheka, maana hatimaye alikuwa ameielewa sarufi vizuri kuliko darasa langu lolote. Lakini nilimhurumia. Niliketi naye kwenye kizingiti, nikachukua kitambaa, nikaanza kung'arisha kiatu cha pili. Nilikuwa nimezoea kumfikiria kama mtu mwenye imani nyingi mno. Kumbe alikuwa anatembea na hofu ya ujana wake, na kila Jumapili anaivalisha suti.

Kesho yake alasiri tulikwenda wawili tu. Wanakwaya walitaka kufuatana nasi, akawakatalia, na jambo hilo likazua maneno. Chupa ya mafuta ya upako ilibaki mezani nyumbani. Nilidhani ameisahau, nikataka kurudi kuichukua, akasema, "Iache."

Mama Kwaya alikuwa anafuta vumbi la mbao, ambalo katika nyumba ile halikuisha hata siku moja. "Bwana asifiwe, mgonjwa wetu amepona!" akatupokea. Mume wangu akaitikia salamu tu. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, mikono yote miwili magotini.

"Fundi," akasema, "nikuombee nini?"

Mama Kwaya akamkata. "Si uponyaji, Mtumishi? Kuna kingine?"

"Shemeji, naomba ajibu mwenyewe."

Fundi alimtazama rafiki yake. Nadhani alikuwa anapima kama mtu huyu anatania. "Mchunga," akasema, "niombee mke wangu aache kuniambia nimepona. Nataka kumuaga."

Karakana ilikuwa kimya, wanafunzi wameenda kula. Mama Kwaya alisimama katikati ya sebule, kitambaa mkononi, na hasira yake yote ikamwendea mume wangu.

"Ndiyo imani uliyotufundisha hii? Si wewe uliyesema amepona? Si wewe uliyesimama hapo hapo?"

"Ni mimi, shemeji. Nilisema kana kwamba najua. Sijui. Naomba apone. Jana nimeomba apone, leo asubuhi nimeomba apone. Lakini sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitumia neno lile kama nilivyotaka alitumie, na halikunipa raha yoyote.

"Nikikubali kuagwa," Mama Kwaya akasema, sasa kwa sauti ndogo, "nitakuwa nimemruhusu aende."

"Huniruhusu wewe," Fundi akamwambia. "Hata ukikataa naondoka, ninavyojijua. Ila sitaki ubaki humu ndani unajiuliza nilitaka kukwambia nini. Wewe nakujua. Utajiuliza mpaka uzeeke."

"Mimi nimeshazeeka."

"Umezeeka nini, wewe. Juzi umemfokea mpiga kinanda mpaka akakosa noti."

Mama Kwaya akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Kwa wiki zote zile sikuwa nimemwona akilia. Alikuwa hana nafasi ya kulia, maana kila aliyeingia alipaswa kutangaziwa muujiza. Alilia akiwa amesimama, na Fundi akamwacha alie, akimwangalia tu.

Mume wangu akafumba macho. Nikaona mkono wa kulia unaanza kupanda. Nilimfinya kwenye nyama ya kiwiko kwa nguvu zangu zote, akaushusha.

Tulikuwa tumeshasimama ili tuwapishe. Mama Kwaya aliweka kitambaa juu ya kiti. Akavua kandambili, akapanda kitandani, akaketi karibu na mumewe na kuuchukua mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Haya," akamwambia. "Niage."