Nilikataa Wakate Sikio Langu

Akina mama wa kanisa letu hapa mtaa wa Section 58, nimesimama kumshukuru Mungu, lakini sitajifanya eti hasira imeisha.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana kule Kabazi, nikichuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu. Masikio yangu yalitobolewa na kutanuliwa kama ya mama yangu, na nilijipenda hivyo. Nikaokoka. Mwinjilisti akaniambia, "Hubatizwi na masikio ya kishenzi. Yashonwe kwanza." Nikakubali, mjinga mimi! Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, akakata ndewe zote mbili, akashona.

La kulia lilipona. La kushoto likaota nyama ngumu chini ya ngozi. Iliwasha, ikachoma kama pilipili, ikakua kama yai. Ubatizo nilipata, usingizi nikakosa.

Tukaenda hospitali mjini Nakuru. Daktari akakata ile nyama. Ikarudi kubwa zaidi. Akakata tena, ikarudi tena, sasa inashuka shingoni. Badala ya kujiuliza kisu chake kinafanya nini, akamwambia mama, "Tuondoe sikio lote, usumbufu uishe."

Usumbufu wa nani? Niliruka kutoka kitandani. "Hulikati! Anza na lako!"

Mama akanivuta gauni. "Nyamaza, huyo ni daktari!"

Nilikataa katakata. Wakatufukuza.

Daktari mwingine, kijana aliyefika hapo juzijuzi, akatufuata mlangoni. "Pole. Naweza kuligusa?"

Jamani! Wote walionishika, hakuna aliyewahi kuniuliza. Akabonyeza polepole. "Ngozi kama hii ukiikata inazidi kuota. Kuna dawa mpya ya kudunga ndani ya kovu. Bado tunajifunza, sitakudanganya."

Sindano iliuma, nililia. Nyumbani nilibana sikio na vibao vidogo alivyonichongea. Miezi ikapita. Kovu likalainika, kuwasha kukakoma, nyama ikanywea hadi ikabaki kama punje ya mahindi. Nikalalia shavu la kushoto tena.

Asante Mungu. Asante yule daktari, popote alipo. Na nyinyi, mtu akishika kisu, mwulizeni kama kuna njia nyingine, hata akikunja uso.

Kuna wenzangu humu wanaonong'ona eti nifunge kitambaa, hilo kovu ni aibu kanisani. Sifungi! Hili sikio nililipigania peke yangu, mama yangu mwenyewe akininyamazisha. Nitakuja nalo wazi kila Jumapili, na asiyetaka kuliona akae viti vya nyuma.