Mkwe Kutoka Uhispania Ashuka Ndivani

Ernesta wa Mamba, mkulima wa tangawizi huku milimani Upare, hakuwahi kuogopa mtu. Hata mbwa mkali wa jirani humkwepa. Lakini Anderson, mwanawe wa pekee, alipopiga simu kutoka Moshi kusema mama yake Nuria anakuja kutoka Uhispania, alijikuta amekaa juu ya kiroba cha tangawizi.

Nuria alikuwa mchumba wa Anderson, na Ernesta alishampenda zamani. Shida ilikuwa huyo mama, Remedios. Alisema wazi kwamba hatoi baraka mpaka aione familia kwa macho yake. Na Nuria, bila baraka za mama yake, haolewi ng'o!

"Nifundishe neno la kumwambia," Ernesta alimwomba Nuria kwenye simu. "Ajue hapa si kwa wavivu."

Nuria, ambaye Kiswahili chake kilishanyooka, akampa kitenzi kimoja: trabajar, kufanya kazi, na hiyo "ja" mtu anaitamka "ha". "Mama, unakata mkia, hiyo -ar, unabandika mwingine kwa kila mtu. Mimi trabajo, wewe trabajas, yeye trabaja, sisi trabajamos, ninyi trabajáis, wao trabajan. Ukikishika hiki, vingine vingi vya -ar vinafuata njia hiyo hiyo."

"Kumbe! Sisi tunabadili kichwa, wao mkia."

Basi kijiji hakikupumua tena. Ernesta anang'oa tangawizi, trabajo. Anakoroga makande, trabajas. Mchungaji anasema tuombe, yeye midomo inacheza trabajan. Mzee Hezroni, msimamizi wa ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba, alilalamika kwamba sasa hata yeye anaota trabajáis, na Arusha kwenyewe hajafika!

Wageni walitarajiwa jioni. Asubuhi pembe ikalia: ukingo wa ndiva umebomoka. Ukiitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, hakuna cha mgeni wala mkwe. Ernesta alibeba jembe akijiambia atawahi kurudi kuoga. Thubutu! Saa sita mchana Anderson na Nuria walifika kabla ya wakati, wakakuta nyumba tupu, wakafuata makelele mpaka ndivani, na Remedios nyuma yao.

Ernesta alikuwa kwenye tope hadi magotini. Juu ya ukingo alisimama mama mfupi, viatu vyeupe, mikono kifuani. Salamu zote alizozijua zikayeyuka.

"Trabajo," alijikuta akisema, kidole kifuani. Hofu ikamsukuma. "Trabajas, trabaja..." Akakwama.

"Trabajamos!" ndiva nzima ikamwitikia, maana walishakariri kwa lazima. Ernesta alitamani ardhi ipasuke immeze.

Remedios akawatazama wote. Akavua viatu. Akashuka topeni, akamnyang'anya Mzee Hezroni jembe, mzee akabaki kutoa macho. Na alijua kulima, jamani! "Trabajamos," alisema kwa mkato, kama mtu anayewaona wenzake wamechelewa.

Jioni, matope yakiwa bado kwenye kucha, walikula makande. Ernesta akajikaza, akagusia harusi: Disemba, Wapare wote wanapopanda milimani kwao kwa Krismasi. Remedios akatikisa kichwa.

"No."

Ernesta akaweka kijiko chini. Kumbe mama huyu amelima tangu mchana na bado hataki?

Anderson akasikiliza maelezo marefu ya Remedios, Nuria akitafsiri, kisha akacheka. "Mama, anasema Disemba kwao ni mavuno ya zeituni. Ataachaje shamba? Anataka mwezi wa sita."

"Kwa hiyo harusi anaitaka?"

"Anaitaka sana."

Ernesta, aliyegombana na dada zake wote kwa ajili ya Disemba hiyo, alisimama na upawa mkononi, machozi yakimtoka bila aibu.

"Kesho kamwambie mchungaji ni mwezi wa sita. Wa kununa aje anunie kwangu. Disemba mkwe wangu ana kazi."