Maji Mekundu Kwenye Mfereji

Wewe umeshawahi kumwona ng'ombe akiingia chini ya ardhi kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayekwenda kanisani? Mimi nimemwona. Tena nilikuwa nimemshika mkia!

Ngoja nikae vizuri. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo usitegemee mambo ya kitabuni. Kwetu ni huku juu Machame, nyumba ya mwisho kabisa. Migomba yetu ikiisha tu, msitu unaanza, hapo hapo, kama ukuta. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mbega wanaruka juu na mikia yao myeupe kama mabibi harusi. Nimezeeka hapa, lakini nikitoka nje bado nasema, Mungu wangu, na mimi nimewekwa katikati ya haya yote?

Sasa juzi nimeona maji ya mfereji yamekuwa mekundu, na mvua haijanyesha. Nikatua ndoo. Nilijua kuna mtu anachimba. Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye vita ya Kagera.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Mama mkwe wangu, Ndeanasia, anamenya ndizi za mtori. Mimi nakata majani ya ng'ombe. Mwanangu wa kwanza, Nsia, hajafika hata miaka mitatu, anacheza na maganda. Mume wangu Elia alishachukuliwa pamoja na wanamgambo wenzake kwenda vitani, huko mpakani na Uganda. Mara akaja jirani yetu Mzee Anaeli, redio begani.

"Wanasema usiku tuzime taa," akasema. "Ndege zinaweza kuja kutupa mabomu."

Mama mkwe akaweka kisu chini. Hakuuliza ndege za nani.

"Binti, lete majembe mawili."

Nyuma ya zizi kulikuwa na kichaka cha masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani. Akayafyeka. Chini yake jiwe. Chini ya jiwe, shimo! Mimi nimeolewa pale miaka minne, nateka maji napita pale kila siku, sijui kitu. Akaniambia wazee walilichimba zamani, wakati watu wa milima hii wanavamiana na kuporana ng'ombe. Adui akitokea, ukoo mzima unaingia na mifugo yake.

Lilikuwa limejaa udongo. Tukachimba wiki mbili. Na udongo hakutaka ubaki juu hata kikapu kimoja. Tuliumwaga kwenye mfereji uende na maji, maana ndivyo walivyofanya wazee, adui asione rundo akajua kuna shimo. Mfereji wetu ukawa mwekundu mpaka kwa majirani wa chini. Wakalalamika hawawezi kufua.

Mzee Anaeli alikuwa anakuja kila siku kutucheka.

"Mama Elia, hao wana ndege, hawana mikuki!"

"Ndege inaona chini ya ardhi?"

"Haioni."

"Basi nenda kwako. Na siku ukija kujificha, uje na maji yako ya kunywa."

Tulipofika ndani, nikawasha kibatari. We! Sijui nikuambieje. Chumba, chini ya ardhi, unasimama wima. Kuta zina alama za majembe, mpya kabisa, utafikiri waliochimba wametoka kula wanarudi. Kulikuwa na mafiga matatu na majivu yake. Na ukutani, chini chini, kiganja cha mtoto kimebonyezwa kwenye udongo. Vidole vitano. Nsia akaenda akaweka mkono wake pale. Ukaenea.

Mama mkwe akasema pole pole, "Huyo alipona. Ndiyo maana sisi tupo."

Na mimi nikaweka mkono wangu pale, juu ya wa Nsia.

Pembeni kulikuwa na tundu la hewa, linatokea kwenye ukingo wa mto. Mtu anapita akijikunja. Ng'ombe hapiti.

Ndege ilikuja mchana mmoja, mvua ya masika imetoka kunyesha. Mngurumo. Halafu ndege yenyewe, chini sana, juu ya migomba.

Tukakimbia. Wa kwanza kufika, nani? Mzee Anaeli, sufuria kichwani! Maji hakuleta. Mama mkwe akamvuta ng'ombe wetu, Furaha, kwa kamba, mimi nikashika mkia kwa mkono mmoja na Nsia kwa mwingine. Akaingia kimya, kama aliwahi kufika.

Ndege ikarudi tena.

Furaha akashtuka. Akapiga teke ukuta wa njia.

Udongo ulikuwa umelowa.

Mlango wa shimo ukaporomoka. Kibatari kikazimika.

"Mtoto kwanza," mama mkwe akasema gizani. Nikamsukuma Nsia kwenye tundu.

"Sasa wewe."

"Mama, twende."

"Nikimwachia huyu atapiga tena, na juu yetu kuna udongo mwingi. Nenda. Nakuja."

Nikapita. Mzee Anaeli akapita nyuma yangu, mabega yanachubuka. Tukamsikia bado anaongea na Furaha, kwa Kichagga, ile sauti ya kumtuliza anayekamuliwa.

Halafu tukasikia ardhi.

Tulichimba, mimi na Mzee Anaeli na majirani wa chini, wale wale wa kulalamika. Tulimtoa jua likiwa bado lipo. Alikuwa ameshika kamba.

Furaha alitoka hai, pua yake ilikuwa kwenye tundu la hewa. Nilimchukia ng'ombe yule miaka miwili, huku nakunywa maziwa yake.

Na ile ndege ilikuwa yetu. Ndege ya kwetu wenyewe, inapita kwenda kwenye kazi zake. Adui hakufika Machame hata mmoja.

Elia alirudi vita ilipoisha, mzima, vidole vyote. Alikuwa amemnunulia mama yake kitenge. Akakitandika kwenye kaburi, kikakaa pale mpaka mvua ikakimaliza. Hakunilaumu hata siku moja. Alilifukia shimo peke yake, akapanda masale juu. Mpaka anakufa hakulitaja.

Sasa ndiyo uniambie, ningekaa tu nyumbani? Nikafuata maji mekundu mpaka nyuma ya zizi. Nani pale na jembe? Mjukuu wangu Aikande, binti wa Nsia, anayeongoza wageni huko msituni.

"Shikamoo Bibi."

"Shikamoo ya nini, na umesimama pale alipofia mama mkwe wangu?"

Masikini, hakujua. Kaburi tunalijua wote, ya shimo hatukuwasimulia watoto. Yeye alisikia tu kwamba kulikuwa na pango la wazee.

"Bibi, kahawa imekufa, wenzangu wote wamehamia Moshi mjini. Mimi nataka kubaki hapa. Wageni wangekuja kuona pango, ningebaki."

Nikamkalisha, nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe. Akaacha jembe pale pale, akaondoka. Jioni akarudi ameshika jani la sale limefungwa fundo. Kwetu ukiletewa hilo, umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Nikalipokea. Nikamwambia, kile kiganja cha mtoto bado kipo chini pale, na mimi pia natamani kukiona kabla sijafa. Lakini hapana.

Akanishika mikono, udongo bado upo kwenye kucha zake.

"Bibi, nalifukia shimo lote. Wageni nitawaleta, lakini wataishia hapa kwenye masale. Nitawaambia jina lake kwanza, Ndeanasia, walitamke mpaka walipatie. Ndipo nitawaambia kuna nini chini."