Saa za Toronto Zilivyoniumbua

Nikiwasimulia hii msicheke sana, kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia, nimeifundisha miaka kumi na tisa hapa Matuu, na kilichoniaibisha mbele ya watu ni jiografia yenyewe.

Binti yetu Mwende alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Toronto, wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege, na furaha ilinijaa mpaka nikawa siwezi kununua hata chumvi bila kumtaja. Tiketi ilisema anaondoka Nairobi Ijumaa karibu saa sita usiku, anatua Jumamosi saa tano asubuhi. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, hiyo safari ni masaa mangapi?" Badala ya kusema nitaangalia, nikajibu papo hapo, "Kumi na moja tu!" (Nilikuwa nimepima ramani kwa uzi nikapata kama kilomita elfu kumi na mbili, na tena anapitia Amsterdam, kwa hivyo hesabu ilikataa, lakini nikajiambia ndege za siku hizi ziko na nguvu.)

Basi nikaalika kanisa lote. Mwende akitua tu angepiga simu, na mimi nikakodisha spika mbili kubwa ili kila mtu amsikie. Tukapika pilau, akina mama wakaimba, nikaunganisha simu na spika nikaiinua juu kama kombe. Saa tano ikafika. Kimya. Saa sita, kimya. Saa nane nikampigia mwenyewe, na spika zikatangazia mtaa mzima kwamba mteja hapatikani.

Hapo mama yangu, susu wake Mwende, akashika kichwa, akanigeukia. "Mwana wakwa, mtoto wangu! Mutisya, ndege imeanguka na mnanificha!"

Nilitaka kumtuliza lakini nami nikaanza kulia, mke wangu aliponiona naye akaanza, kisha watu wa sokoni wakasikia wakaja na viti, pilau ikafunikwa, chai ya matanga ikapikwa, mchungaji akabadilisha nyimbo. Nilikaa kwenye nyasi, nikiona tu vile mtoto alitupungia mkono uwanja wa ndege akicheka. Sijawahi kuogopa vile.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ikalia.

"Baba! Nimefika! Ndio nimechukua mizigo!"

"Mwende? Uko hai?"

"Niko sawa kabisa! Mbona nasikia watu wakilia?"

"Si ulikuwa ufike saa tano?"

"Baba, hapa ndio saa tano na nusu asubuhi. Si ni wewe ulitufundisha darasani Toronto iko nyuma yetu masaa saba?"

Spika zote mbili zilisema hayo, wazi kabisa.

Kelele iliyopasuka hapo sijui niieleze vipi, vigelegele na vicheko pamoja, susu akitupa fimbo acheze, mchungaji akijipangusa macho, na pilau ikaliwa hivyo hivyo ikiwa baridi. Mke wangu alinisongea akaninong'oneza, "Baba Mwende, na hao watoto wa watu huwa unawafundisha nini?"

Sasa Mwende anakuja likizo mwaka ujao, na mchungaji ameshaanza kuniuliza atatua saa ngapi. Nimemwambia amuulize mama yake Mwende. Mimi nimeapa nitabeba mizigo tu.