Mlango wa Korongo

"Siku Korongo litakaponizimikia njiani," muuza magari alisema kwenye kipaza sauti, "nitalivuta kwa meno mpaka nyumbani, na mama watoto huyu atakaa ndani anapiga honi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa hafla ya kumuaga kazini: soda za moto, viti vya kukodi, na keki iliyoagizwa iwe na umbo la gari, ila aliyeioka ni wazi hakuwahi kuliona gari lenyewe, kwa sababu ilitoka kama kiatu. Mkewe, fundi cherehani, alikaa mstari wa mbele ndani ya gauni alilojishonea mwenyewe. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa unangoja kiinua mgongo.

Hata yeye mwenyewe walimwita Korongo, na jina halikumwonea. Magari aliyouza maisha yake yote yalikuwa na nembo ya huyo ndege, amesimama kwa mguu mmoja juu ya boneti, shingo imenyooka, anatazama mbali kama vile sisi wengine hatupo. Muuzaji naye alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu, ndani ya suti ya kijivu iliyombana kwapani. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Ndege aliondoka na gari. Muuzaji alilisindikiza mpaka getini, akapunga mkono, kisha jioni akarudi nyumbani kwa miguu.

Hakuuza kama wenzake. Wenzake walikimbilia kutaja bei na rangi. Yeye alianza mbali, kama mtu anayesimulia ukoo wa wakwe zake. Palikuwa na mtengeneza saa, alikuwa akisema, huko kwenye nchi za baridi, aliyeishi karibu na reli na kuchukia kelele kuliko njaa. Akaapa kutengeneza gari ambalo dereva atasikia saa ya mfukoni mwake ikipiga huku magurudumu yanazunguka. Alichukua muda mrefu hata mkewe akafungasha. Mfalme mmoja akaagiza la kwake, akataka honi iwe kali zaidi, watu wajue nani anapita. Mtengeneza saa akamjibu: mfalme apige kelele mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Hapo mteja hucheka. Asiyecheka, Korongo alijua huyo amefuata kiyoyozi tu.

Palikuwa pia na Korongo lililofukiwa na paa lililoanguka wakati wa vita, likakaa chini ya theluji miaka, likachimbuliwa, likawashwa, likawaka. Mengine katika hayo yalikuwa kweli. Mengine yalikuja na vipeperushi. Mengine aliyaongeza mwenyewe siku biashara ilipolala, na baadaye hata yeye hakujua tena yapi ni yapi. Aliyaamini yote sawasawa, bila upendeleo.

Halafu likaja la mlango.

"Fumba macho, bosi."

Mteja anafumba. Watu wenye vitambi na walinzi, wamefumba macho katikati ya duka kama watoto wanaocheza kibe. Korongo anaufungua mlango, anausukuma kwa vidole viwili.

Dup.

"Umesikia? Mlango wa magari mengine unapiga kelele kama sufuria. Huu unameza."

Na mteja alikuwa anameza pia. Mameneja walikuja na kuondoka, na kila mmoja aliwaambia wauzaji wapya: msikilizeni Korongo anavyofunga mlango.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikufanyika dukani: hakuna aliyefungua boneti mbele ya mteja. Agizo hilo halikuwako tangu zamani. Lilikuja kutoka juu asubuhi moja, mwaka ule kiwanda kule mbali kilipopata wenyewe wapya. Wauzaji wengine walitazamana. Korongo alilipokea kama cheo. Akalitafutia hata maelezo, ya kwake mwenyewe, bila kuombwa: anayefungua boneti ana wasiwasi, na wasiwasi ni tabia ya magari ya bei rahisi. Mteja akiuliza habari za injini, alimtazama kama aliyeulizwa umri wa mama yake.

"Bosi, wewe ulipokwenda kuposa, ulimwambia binti wa watu afungue kinywa uhesabu magego?"

Mteja akaona aibu. Mteja akanunua.

Nyumbani, wakati mumewe anawafumbisha macho matajiri, mkewe alikuwa anayaumiza ya kwake. Alishonea katika chumba cha kupanga, ubavuni mwa duka la dawa, mlango ukitazama barabara. Chumba chenyewe kidogo: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kimoja ambacho wateja waligombania. Lakini kilikuwa mahali pa watu. Mwenye chumba alikuwa mzee aliyechoka kukarabati, na alishamwambia: "Mwanangu, ukiwa tayari, nakuuzia wewe kwanza." Kuwa tayari maana yake kilikuwa kiinua mgongo cha Korongo. Kwa hilo walikubaliana kitambo, mume na mke, mezani, mchana kweupe, wote wawili wakiwa na akili zao.

Kiinua mgongo kikatoka. Wiki hiyohiyo wakili mmoja aliyekuwa anahamia ng'ambo akatangaza kuuza Korongo lake, jeusi, lililotunzwa. Na ni nani alimuuzia wakili gari hilo enzi hizo? Ni yeye huyuhuyu, kwa suti ileile, kwa mfalme yuleyule.

Alikwenda kuliona. Wakili akauliza kama angependa kuangalia injini. Korongo akainua kiganja, karibu aone ametukanwa. Aliuzunguka mwili wa gari polepole, akashika mkono wa mlango, akafumba macho.

Dup.

Akalipa.

"Na chumba?" mkewe aliuliza, amesimama uani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Chumba kipo. Kitakimbilia wapi? Hakina matairi."

"Mwenye chumba ana wanunuzi wengine, baba watoto."

"Sikiliza. Pesa ukiiweka chumbani imekaa. Hili tunalikodisha kwa maharusi mwaka mmoja tu, linatuingizia, halafu tunaliuza. Korongo halishuki bei! Tunanunua chumba chako na cha jirani yako mwenye dawa, tunabomoa ukuta wa katikati."

"Ulilifungua ukaangalia ndani?"

"Limefungwa mlango mbele yangu. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nakuuliza kama ulifungua, unanijibu limefungwa." Akavua futi shingoni, akaizungushia mkononi taratibu. "Haya. Miaka yote hii nimekula kwa huo mdomo wako. Ngoja nione kama utanijengea."

Harusi ya kwanza ilipatikana haraka, tena bibi harusi alikuwa mteja wake yeye fundi. Ndiyo maana siku hiyo mke alipanda naye mbele: gauni lilikuwa na mkia mrefu, na mkia ulihitaji mtu wa kuushika. Korongo alivaa suti ya kijivu. Aliendesha taratibu, anapokea macho ya watu kama mshahara wa nyuma. Akaanza hata kumsimulia bibi harusi habari za mtengeneza saa.

"Yaani usikilize vizuri, binti yangu, utasikia saa yako ya mkononi."

"Mimi nasikia kama kitu kinakohoa," bibi harusi akasema.

Kilikuwa kinakohoa kweli. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, pale palipo na magari mengi kuliko kwingine kote mjini, Korongo lilikohoa mara ya mwisho, likatetemeka, likanyamaza. Hapo sasa ungeweza kusikia saa yoyote uliyotaka.

Aliwasha. Kimya. Aliwasha tena. Nyuma yao madereva wakaanza kuwakumbusha mama zao. Na kama vile mambo hayakutosha, mlinzi wa getini wa kazini kwake zamani, aliyekula keki ya kiatu siku ile ya kuagwa, alikuwa anavuka barabara.

"Mzee Korongo! Meno, mzee! Meno!"

"Meno gani?" watu wakauliza.

Akawaeleza. Kwa sauti. Kabla hajamaliza, kona nzima ilikuwa inaimba meno, meno. Bibi harusi aliondolewa kwa pikipiki, mkia wa gauni umekusanywa kifuani kama mzigo wa nguo chafu, analia wanja wote unashuka. Mkewe Korongo hakushuka. Alikaa palepale, anatazama mbele. Mumewe alisimama nje, mkono juu ya ndege wa boneti, anasubiri neno lolote kutoka kwake, hata tusi.

Mkewe alinyoosha mkono mpaka kwenye usukani, akabonyeza honi. Akaishikilia. Ilikuwa honi kali kuliko hata ile aliyoiomba mfalme.

Fundi wa gereji aliyewavuta alikuwa mtu wa maneno mengi na sabuni kidogo. Alifungua boneti, akamulika tochi, akacheka peke yake.

"Mzee, huyu ndugu yake nilimtibu juzi. Hii ni injini ya vile vigari vya kusambaza mikate."

"Haiwezekani."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo, ndiyo nikawasha tochi. Njoo uone. Mikate, mzee! Tena hii ikifa imekufa, wenyewe hununua nyingine."

Cha ajabu, moyo wa Korongo ulishuka mahali pake. Basi ameibiwa! Wakili, au dereva wa wakili, au gereji fulani ya wahuni, mtu amechomoa injini halali akapachika hii. Kuibiwa kuna polisi. Kuibiwa kuna fidia. Aliyeibiwa hana hatia nyumbani kwake. Alimwambia mkewe, "Kesho nakwenda kazini kwetu. Wao wana kumbukumbu. Chumba chako utakipata, mke wangu." Mkewe akasema mwenye chumba ametoa muda mpaka mwisho wa wiki. Alisema akiwa amebana pini kati ya meno, hakuzitoa.

Meneja mpya alikuwa dada ambaye Korongo mwenyewe alimfundisha kazi. Alimpa kiti, akamwamkia kwa heshima zote, akasikiliza mpaka mwisho. Akatazama kompyuta. Kisha akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Mzee wangu, injini ni yake. Haijabadilishwa."

"Ya mikate?"

"Waliokinunua kiwanda ndio wanaotengeneza vile vigari. Tangu hapo Korongo zote ziko hivyo. Mwili wa huku, moyo wa kule."

"Tangu lini?"

Dada akatazama mikono yake. "Tangu lile agizo la boneti."

Korongo akageuka. Kupitia kioo cha ofisi aliliona duka lake, sakafu inang'aa, kijana mmoja anamzungusha mteja kwenye gari jeupe. Waliomjia tangu mwaka ule walianza kumpita mbele ya macho mmoja mmoja: daktari aliyeuza shamba, mjane aliyetaka kitu cha kudumu, wakili. Wote wamefumba macho.

"Nyinyi mlijua?"

"Tulijua, mzee. Ndiyo maana hatukuuza kama wewe. Sisi ulimi ulikuwa mzito. Wewe ulikuwa unaamini."

"Lakini mlango," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Mlango ni uleule. Mimi siwezi kukosea mlango."

"Mlango ni uleule." Yule dada alikuwa na roho nzuri, na ndiyo maana alimalizia. "Wale wenyewe wapya walitaka kuubadilisha nao. Wakauliza kila tawi: ni kitu gani hasa kinachouza? Meneja wetu wa wakati ule akawajibu kwa kukusimulia wewe. Wakauacha."

Nje, yule kijana alikuwa anamwambia mteja afumbe macho.

Mwisho wa wiki ukafika kama ulivyoahidi. Chumba kilinunuliwa na mwenye duka la dawa, na ukuta wa katikati ulibomolewa, kama Korongo alivyotabiri. Cherehani zilikuja nyumbani juu ya mkokoteni, kioo kimefungwa shuka. Mke akazipanga barazani. Wateja wa njiani walipotea, kwa sababu baraza lile halikuwa njiani kwa mtu yeyote. Hakugombana. Aliongea na mumewe habari za chumvi, maji na luku ya umeme, kwa adabu, kama mpangaji.

Korongo lilikaa uani. Kuku wa jirani wakalipenda. Waliokuja kulinunua walifungua boneti kwanza, watu wa siku hizi hawana haya, na wakiishaona walikuwa na haraka ya kuondoka. Yeye aliwakimbilia mpaka getini. "Ngoja usikie mlango! Hebu fumba macho!" Watoto wa mtaa walimwita Mzee Dup. Jina la Korongo lilimtoka bila kuagwa.

Mwishowe akaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jibaba la mabega lilikuja na mizani, nyundo na msumeno, likapima gari kwa jicho.

"Bwana," mzee akamwambia, "kabla hujaanza, fumba macho kidogo tu."

"Nikifumba macho, mzee wangu, mizani ataisoma nani?"

"Hiki si chuma hivihivi. Palikuwa na mtengeneza saa mmoja, aliishi karibu na reli..."

Barazani mguu wa mkewe ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kwenye ule mzunguko kutia neno kuhusu gari lile.

"Anza na mlango," alimwambia mnunuzi.

Mguu ukarudi kazini. Mlango ulitoka kwa nyundo chache, ukaanguka juu ya mizani kwa kelele za sufuria.

Chuma chakavu siku hiyo kilikuwa mia nne kwa kilo.